Kisanduku cha Pampu na Kufuli Lake

Nawataja waliomuua shemeji yangu, kwa sababu kwenye matanga hakuna aliyetaka kuwataja. Ni mwenye duara na fundi wake wa Kahama. Maji hayana kosa, maji yalifuata kazi yake.

Duara ni shimo la dhahabu. Letu lilikuwa porini upande wa Masumbwe, miaka ile ya tisini, pamba ilipokosa bei na wanaume wa kwetu tukageuka fuko. Lilikuwa shimo la maji. Kwa hiyo juu palikaa jenereta na pampu, na katikati yao kisanduku cha bati chenye taima. Kazi ya taima ilikuwa hii: pampu ivute, ipumzike isije ikaungua, kisha iamke ivute tena. Sisi wa chini tulifanya kazi kwa masikio. Ikinyamaza tunaendelea kugonga mwamba, tukijua itaamka maji yakiwa bado kwenye vifundo vya miguu. Pumziko likiwa refu, tumekwisha. Uhai wetu wote ulikuwa hapo.

Kisanduku chenyewe mwenye duara alikitoa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kilichokuwa kinauzwa vipande vipande. Ndani mlikuwa na kadi ndogo kama kiberiti, ndiyo iliyokumbuka saa za pampu. Ilikuja na saa za kiwandani: pumziko refu, la mashine isiyo na mtu chini yake.

Fundi akaja na kalamu mfukoni. Akabonyeza, namba kwenye kioo zikabadilika, pampu ikawa inapumzika kidogo tu na kuamka. Tukashangilia kama watoto. Akala wali wake, akaondoka.

Siku ya mgao kisanduku kikarudia upumbavu wake. Pampu kimya, maji yanapanda, kimya tu. Tulitoka kwa kamba tumelowa mpaka kiunoni. Fundi akaitwa tena, akabonyeza, ikakubali. Akakaa nayo kutwa nzima anaikodolea macho, haikukosea.

"Mnaichokonoa," akasema.

"Nani aichokonoe? Sisi hata redio tunaogopa kuihamisha stesheni."

"Basi imejichokonoa yenyewe."

Mgao uliofuata, yale yale, na fundi akaja akabonyeza tena.

Lazima nieleze mgao. Mifuko ya mawe iligawanywa pale pale mdomoni pa shimo, na kabla ya kuanza jenereta lilizimwa. Halikuzimwa kwa kubana mafuta. Lilizimwa ili kila sauti isikike, mwenye kunung'unika anung'unike hadharani, asije kesho akadai hakuridhika. Mawe yakishagawanywa jenereta linawashwa, zamu inashuka. Kuzima huko na upumbavu wa kisanduku, mambo hayo mawili hakuna aliyeyaunganisha. Na fundi hakuuliza lolote. Kila alipokuja alilikuta jenereta linaunguruma, akaliacha linaunguruma.

Dawa ya mwenye duara ikawa kufuli. Akalipiga kwenye kisanduku mbele yetu.

"Nimechoka na vidole vyenu."

Mzee wa pampu, yule aliyeshinda juu akiitazama mashine, akamwuliza kwa adabu, "Bosi, na ikikwama?"

"Mtanifuata Kahama."

"Na maji nayo yatasubiri basi la kurudi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akautia ufunguo mfukoni, akapanda pikipiki yake.

Kisha ikafika ile siku. Mgao umekwisha, jenereta limewashwa, nikashuka na shemeji, mdogo wake mke wangu, mtu wa mizaha tangu utoto. Alikuwa ameingia kwenye kitundu cha pembeni, chini kidogo ya nilipo mimi, anafuata mshipa wa dhahabu. Pampu ikanyamaza. Nilisubiri iamke. Haikuamka.

"Shem, tupande."

"Unaogopa kuoga, shem? Ndiyo maana dada analalamika."

Nilicheka. Yalipofika magotini kwangu niliita tena, akajibu, "Nakuja, nakuja, nakusanya vyombo." Halafu maji yakafunika mdomo wa kile kitundu. Niliingiza mkono nikapapasa, nikashika tope. Nikapiga kelele juu, nikasikia jiwe linagonga chuma. Ni mzee wa pampu anapigana na kufuli. Lilivunjika, akabonyeza kila alichokiona, pampu ikaja kuamka kwa wakati wake yenyewe. Mimi walinivuta kwa kamba. Shemeji tulimtoa maji yalipopungua.

Mwenye duara alikuja msibani na unga na sukari. Neno lake la kwanza, kabla ya pole: "Nani amevunja kufuli?"

Tulipokwisha kuzika fundi akaja. Jenereta lilikuwa limezimwa kwa sababu ya msiba, akalazimika kuliwasha mwenyewe. Akatazama kioo. Namba zilikuwa zile za kiwandani.

"Kumbe hazijahifadhiwa," akasema, kama mtu aliyeona mchuzi hauna chumvi.

Kulikuwa na kitufe kingine, cha kuiambia kadi ishike saa mpya. Usipokibonyeza, umeme ukikatika inarudia za zamani. Akakibonyeza. Akazima, akawasha. Zikabaki. Ni kazi ya kumeza funda la maji.

"Sasa iko sawa," akasema, akajifuta kidole kwenye suruali.

Nilimfuata baba mkwe. Alikuwa ameshapeleka kuku kwa mganga apasuliwe, aonekane aliyemroga mwanawe.

"Baba, shikamoo. Hakurogwa. Ni fundi na mwenye duara. Kuna kitufe hakikubonyezwa."

Akaniita mwanangu kwa kilugha chetu. "Ng'wana wane, mwanangu amekufa kwa kitufe?"

"Ndiyo, baba."

Akaniambia nisithubutu kuyasema hayo mbele ya mama wa marehemu. Sikuyasema. Mwenye duara alipata shimo jingine, fundi anaendelea kuitwa fundi, na wakwe zangu wana jirani wasiyemsalimia mpaka leo, bibi wa watu ambaye pampu hajawahi hata kuiona.