Mstari wa Mama

Ofisini walimwita Mama Tarehe, na jina lenyewe alilitafuta mwenyewe. Ole wako umpelekee jedwali la kompyuta lenye tarehe za namba tupu!

"Mwezi uandike kwa maneno!" angekufokea, kalamu kaichomeka kwenye nywele. "Kompyuta nayo ina kwao. Yako inaanza na siku, ya mwenzako inaanza na mwezi. Mzigo ukichelewa, lawama zote kwangu!"

Kazi yake ilikuwa kupanga safari za mizigo ya kampuni yenye matawi nchi kadhaa, na tarehe zilishamtoa jasho vya kutosha. Lakini ndiyo hivyo, mganga hajigangi.

Nyumbani, mama yake alikuwa na swali moja tu, asubuhi na jioni, kuhusu kitinda mimba wake aliyehamia ng'ambo. "Mtoto wangu atakuja lini? Au mnangoja anikute kaburini?" Swali hilo lilimuuma Mama Tarehe. Basi mdogo wake alipoomba siku za kuzaliwa za familia nzima, bila kusema za nini, alizinakili mbio mbio kutoka kwenye jedwali lake, namba tupu, akatuma, akakimbilia jikoni maharage yasiungue. Ya mama ilikuwa 5/8, yaani tarehe tano Agosti.

Kompyuta ya mdogo wake, iliyowekwa lugha ya huko, ikaisoma tarehe nane Mei.

Na tarehe nane Mei, huyo mlangoni! Keki mkononi, anaimba kwa sauti yake ileile mbovu. Mama akaacha mchele aliokuwa anachambua, akamkumbatia, akalia weee. Kisha akaitazama keki.

"Kwani leo kazaliwa nani?"

"Si wewe, mama?"

"Mimi? Mimi wa Agosti! Hata hilo umelisahau, mwanangu?"

Mama Tarehe alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini mama alishaanza kucheka, kile kicheko chake cha kushika mbavu, na keki ikaliwa hivyo hivyo. Likizo yote ile walilala kitanda kimoja kama zamani, mama katikati, akiwasuta wote wawili kwa kukoroma. Jamani, zile siku!

Julai, mama alilala hakuamka. Agosti ilimkuta udongoni.

Sasa Mama Tarehe ni mstaafu. Jedwali la familia kalisafisha lote, miezi yote kwa maneno, isipokuwa mstari wa mama, bado 5/8. Na ukimwambia haraka haraka haina baraka, anakuonyesha mstari huo.

Mwaka huu, tarehe nane Mei, simu ikalia.

"Dada, ule mstari umeshaurekebisha?"

"Thubutu!"

"Usiuguse."

"Siugusi. Keki umenunua?"

"Iko hapa mezani. Yako je?"

"Nimeshaikata," alisema Mama Tarehe, akifuta machozi kwa kanga. "Vipande vitatu."