Ushahidi Niliobeba Hadi Durban

Niliondoka Kigoma kwa sababu ya maneno ya kwenye simu. Mwaka 2009, mdogo wangu Evarist alipofungua gereji ya breki za malori huko Durban, alinipigia, kisha akampa simu mzee mmoja anisalimie. Mzee akaniambia kwa Kiswahili cha kwao Uvira, Kongo: "Mama, hii kampani ni ya mudogo yako. Miye ninamuazima jina tu." Nikamshukuru, nikamwombea maisha marefu. Miaka minne baadaye mzee huyohuyo, akiwa na hayo maisha marefu niliyomwombea, alikuwa anaiuza kampuni. Evarist akanipigia tena, akasema wamepata wakili, na wakili anataka mtu aliyesikia.

Mzee huyo anaitwa Papa Selestini. Ndiye aliyesimamia ndoa ya Evarist na Furaha, binti wa Uvira. Wakongo msimamizi wa ndoa wanamwita parrain, na kwao kazi yake haiishii siku ya harusi. Mkigombana mnakwenda kwake, mtoto akizaliwa anapelekwa kwake, kwa kifupi ni baba. Evarist baba hana, wetu alifariki yeye akiwa darasa la tatu. Kule Durban benki ilikataa kile kibali chake cha kuongezwa kila baada ya miezi michache, na mwenye uwanja wa gereji naye akakataa kumpangisha. Parrain alikuwa na kitambulisho cha nchi. Basi kampuni ikasajiliwa kwa jina la Papa Selestini, yeye mkurugenzi na yeye mwenye hisa zote. Evarist akabaki na kazi, grisi mikononi, na funguo.

Kutoka Kigoma hadi Mbeya. Nilifunga kibanda changu cha vitenge pale Mwanga, nikamwomba jirani akitupie jicho, nikapanda basi. Barabara ya Mpanda wakati ule ilikuwa vumbi tupu, na dereva wetu alikuwa anaendesha kwa hasira kana kwamba lori la mbele limemtukana. Njia nzima nilikuwa nayarudia maneno ya mzee kimyakimya nisije nikayapotosha mbele ya watu. Ninamuazima jina tu. Abiria wa pembeni yangu, mama wa Sumbawanga aliyekuwa na kikapu cha vifaranga, aliniuliza kama nasali rozari.

Tunduma na kuendelea. Pale mpakani nilibadilisha basi, nikaingia la Zambia. Lusaka tukalala ndani ya basi stendi, maana kila aliyeshuka alirudi akilalamika ameibiwa kitu. Chirundu tulishushwa na mizigo yote, Harare tukanywa chai nyepesi isiyo na tangawizi wala adabu. Beitbridge ndiyo sitaisahau. Foleni ilikuwa ya kutoka jua kali mpaka jua kuzama, na ofisa aliponiuliza nimefuata nini Afrika Kusini nikasema nakwenda kumsalimia ndugu yangu. Ningemwambia nakwenda kusema ukweli, nadhani angenirudisha.

Durban nilifika asubuhi, baada ya kubadilisha basi Johannesburg. Evarist alinipokea na gari lake la mizigo, amekonda, shavu limeingia ndani. Alikuwa akisimama kwenye robot, ndivyo wanavyoita taa za barabarani, anageuka kunitazama na kucheka peke yake. Nyumbani kwao ni Overport, ghorofa ya tatu, juu ya duka la viungo, kwa hiyo ngazi nzima inanukia bizari. Furaha alikuwa amepika sombe, yaani kisamvu, na samaki. Alinikumbatia akalia, nikajua hali ni mbaya kuliko nilivyoambiwa.

Kesho yake tulikwenda gereji. Ipo nyuma ya bandari, makontena yamepangwa hadi yanaziba mbingu, na malori yamejipanga barabarani yakisubiri zamu. Ukweli niliona fahari. Madereva walikuwa wanamwita kwa jina, mmoja Mzulu, mmoja wa Zimbabwe, wote wanataka mkono wake na si wa mtu mwingine. Funguo zake zilikuwa tano, zimefungwa na kipande cha kitenge nilichomtumia mimi mwaka aliofungua. Akaniambia kila Januari kanisani kwao wanafanya ibada ya biashara, kila mwenye duka au saluni anaweka funguo mikononi mwa mzee wake, mzee anaziombea na kuzirudisha. Za kwake zilikuwa zinaombewa na Papa Selestini. Nikamwambia hayo maombi yamezaa matunda kweli. Hakucheka.

Jumatano tulikwenda kwa wakili, mjini. Ni ofisi inayoshughulika na mambo ya makampuni tu, kusajili, mikataba ya kuuza na kununua, wabia waliogombana. Wakili mwenyewe ni mwanamke, Bi. Pillay, mfupi, mwepesi wa maneno, miwani kichwani. Evarist alikuwa anatafsiri. Nilimweleza maneno ya simu, akayaandika yote, akaniuliza mara mbili mbili, akasema ushahidi wangu ni mzuri lakini ni wa kesi ndefu, ile ya kuthibitisha nani mwenye kampuni hasa. Itakwenda mwaka, pengine miwili. Kwa sasa makaratasi yote yanasema Papa Selestini.

Halafu akavua miwani kichwani, akaishika. Alisema Evarist ana kitu kimoja ambacho makaratasi hayana: yumo ndani. Katika nchi ile, akaeleza, hata mwenye mali hawezi kumtoa mtu mahali anapokaa kwa amani kwa kubadilisha kufuli usiku. Akijaribu, wakili anakimbilia mahakamani wiki hiyohiyo na mtu anarudishwa kabla hata hakimu hajauliza mali ni ya nani. Na mnunuzi, kampuni kubwa ya malori iliyokuwa inautaka uwanja ule, hatalipia mahali penye mtu ndani. "Lakini sheria hiyo humlinda aliyenyang'anywa," akasema. "Aliyetoa mwenyewe haimlindi. Kwa hiyo funguo usimpe mtu yeyote kwa mkono wako. Hata kwa saa moja." Evarist alinitafsiria, akaitikia kwa kichwa. Na mimi niliitikia. Lilikuwa jambo dogo la kukumbuka, hata mtoto angeweza.

Jumamosi alasiri Papa Selestini alikuja Overport. Nasikia hasira hadi leo nikiandika. Kwa Wakongo mgeni akitoka mbali lazima wakubwa waje kumsalimia, na yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo mlango usingeweza kufungwa usoni pake. Alikuja na mkewe, na mchungaji, na akina mama wa kwaya wenye masufuria. Mzee mrefu, suti ya kahawia, sauti ya upole mno. Alinishika mikono yote miwili akanipa pole ya safari. Sebule ikajaa, wengine wakakaa kwenye mikono ya makochi.

Tulipokwisha kula akaomba neno. Alisema yeye amezeeka, barua za kodi zinakuja kwa jina lake, jina lake ndilo litakalofungwa siku mambo yakiharibika, na anataka kurudi Uvira ajenge kabla hajafa. Nikakubali kwamba hilo ni jambo la kueleweka. Kisha akaanza kulia, machozi ya kweli, sikuona unafiki hapo. "Miye niko baba yao," akasema. "Mutoto na baba yake banaenda ku avocat juu ya nini? Nimemukosea nini mutoto wangu?" Akina mama wa kwaya, waliposikia avocat, yaani wakili, wakaanza kuguna. Furaha akainamisha uso.

Mchungaji akasimama. Akasema leo Mungu ameleta dada kutoka mbali ili familia ipatane, na mapatano yaanzie pale biashara ilipoanzia. Akamtaka Evarist aweke funguo mikononi mwa baba yake, ziombewe kama kila Januari. Nikamshika Evarist mkono, nikamwambia kwa sauti ya kusikika na wote kwamba akumbuke wakili alisema nini. Mchungaji akanigeukia taratibu.

"Dada, hapa tuko mbele ya Mungu, hatuko mbele ya avocat."

Evarist alinitazama. Kisha akatazama sebule nzima, watu waliomvalisha suti ya harusi, waliombeba hospitali alipoumwa, na mzee anayelia mbele yake. Akautoa mkono wake mikononi mwangu, akaingiza mfukoni, akatoa funguo na kile kitenge changu, akaziweka kwenye viganja vya Papa Selestini kwa mikono miwili. Mzee aliomba kwa muda mrefu. Tukasema amina. Halafu akazitia kwenye mfuko wa ndani wa suti, akasema zitakesha madhabahuni kwake na Jumatatu zitarudi. Watu wakapiga makofi. Mke wake akanipakulia tena samaki.

Jumatatu gereji ilikuwa na kufuli jipya, na ndani ya geti mlinzi mwenye mbwa. Papa Selestini simu haipokelewi. Evarist alisimama pale na mfuko wa chakula chake cha mchana mkononi, dereva mmoja akamuuliza leo vipi, akasema eish, leo hatufungui. Nilimpigia kelele barabarani, sioni aibu kusema. Nilimwita majina ambayo mama yetu hakuwahi kutuita. Yeye akanifungulia mlango wa gari.

Tukarudi kwa Bi. Pillay. Alitusikiliza, akauliza swali moja, na akaniuliza mimi kwa sababu nilikuwepo na mimi ndiye shahidi: funguo zilimtokaje Evarist? Wasomaji wangu, nilikuwa nimesafiri nchi nne kusema kweli. Nikasema uongo. Nikamwambia Evarist kwa Kiswahili, "Mwambie alinyang'anywa. Mwambie mzee alizichomoa mkononi mwako nikiona kwa macho yangu."

Evarist alimgeukia Bi. Pillay. Kisha akamtafsiria. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, lakini kinatosha kujua mtu anaposema "nilimpa".

Bi. Pillay akauliza nani aliona. Evarist akasema kanisa zima. Wakili akairudisha miwani kichwani, akasema kesi ndefu bado ipo, maneno yangu ya simu ameyaweka, lakini ya haraka imekufa, na kampuni itauzwa pamoja na haki ya uwanja kabla ile ndefu haijasikilizwa. Alisema anasikitika. Nadhani kweli alisikitika, maana alituletea maji mwenyewe.

Kwenye ngazi nikamuuliza Evarist kwa nini.

"Dada, ningekuapishaje uongo kwenye nchi ya watu?" akasema. "Na ni kweli nilimpa. Yule ni baba yangu."

"Baba yako yuko makaburini Kigoma," nikamwambia. Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake ya siku ile, na nilikusudia yamuume.

Siku ya kurudi. Stendi ya mabasi Durban, upepo wa mwezi wa sita unatoka baharini. Evarist alikuwa amekwenda kuninunulia maji nilipomwona Papa Selestini anakuja na suti yake ya kahawia, na blanketi jipya ndani ya nailoni. Mgeni haondoki mikono mitupu, akasema. Akaniomba nisiende na roho mubaya. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Jumatatu, maneno ya kumtoa jasho. Lakini alipolinyoosha lile blanketi, mikono yangu ikaenda yenyewe, yote miwili, na goti likapinda kama nilivyofundishwa, na mdomo ukasema asante baba. Nikapanda basi nikajiuma midomo. Beitbridge kulikuwa na baridi kali, nikajifunika.

Nyumbani waliniuliza nimejifunza nini huko Afrika Kusini. Nimejifunza kwamba wakili anaweza kukulinda na adui yako, lakini kukulinda na watu wako hawezi. Mnyang'anyi ana sheria yake. Kwa anayekuja kukuomba akilia, mbele ya watu wote unaowapenda, sheria haijatungwa, na sidhani kama itatungwa. Januari hii mchungaji wetu alipita sokoni kubariki vibanda, akanyoosha viganja apewe funguo. Nikamwambia aombee mlango. Alinuna, na mimi nilinuna.

Evarist bado yupo Durban. Kampuni kubwa ilipochukua uwanja ilikuta madereva wanamtaka yeye, ikamwajiri, na sasa anafunga breki zilezile mahali palepale. Kesi ndefu haijaitwa. Juzi alinipigia asubuhi mapema, tukasalimiana, nikasikia malori nyuma yake, nikamuuliza uko kazini tayari?

"Niko getini, dada," akasema. "Nasubiri wanifungulie."