Viroboto wa Chumba cha Nyamizi

Jumamosi, saa kumi na moja jioni, redio ikisoma matangazo ya vifo na Bibi akichambua mchele, ndipo Nyamizi alipotoka chumbani kwake anajikuna. Akapandisha sketi kidogo, akasema, "Bibi, hebu tazama." Vipele vyekundu vilikuwa vimezunguka vifundo vya miguu kama shanga. Nakumbuka kila kitu cha jioni ile, mwanangu, hata mchele wenyewe ulivyokuwa na mawe.

Nakuita mwanangu ingawa hujazaliwa. Mimi niko kidato cha tatu, kwa hiyo usiwe na haraka. Lakini hapa Kwihara kila mwenye la kuonya huanza hivyo, na kwa kuwa mbele za watu maneno hunikwama, wacha niyaandike, siku moja uyasome.

Nyamizi ni binti wa shangazi yangu wa Nzega. Alikuja kwetu mwanzoni mwa mwaka ili asome hapa, na amepewa jina la mama yake Bibi. Kwetu, aliyebeba jina amembeba na mwenyewe. Basi Bibi, aliyenilea tangu naachishwa ziwa, akawa anamwita mtoto wa kidato cha pili "mama". Mama ameshaoga? Mpisheni mama apite. Wali ukipakuliwa, ukoko kwa mama. Na ukoko ulikuwa wangu, mwanangu! Sikufichi, niliona wivu. Si wivu wa kumwonea mtu viatu. Huu ulinikaa kooni kama mwiba wa perege, nikimeza upo, nikitema upo.

Kwa hiyo nilipoviona vile vipele, mimi ambaye darasani hata kuitikia jina naona haya, nilisema kwa sauti, "Kikulacho ki nguoni mwako. Amerudi na viroboto kutoka likizo, kwenye ng'ombe wao."

Nyamizi akanitazama. "Ng'ombe wa kwetu wana kupe, da Kabula. Usituchanganyie mifugo."

Bibi akacheka mpaka ungo ukatikisika. Mimi sikucheka.

"Chumba kifungwe," Bibi akaamua. "Kiroboto asiyekula hufa. Mama atalala na mimi."

Sasa elewa jambo moja. Kitanda cha Bibi ni cha futi nne, na upande wa ukutani ni wangu tangu nina akili. Watu watatu hawatoshi. Nikatandikiwa mkeka chini, na kutoka pale chini nikawasikia wanavyopiga soga kwa Kinyamwezi, Bibi akimsimulia hadithi ambazo mimi nilidhani ni zangu peke yangu.

Nilivumilia, nikijua viroboto watakufa njaa na mgeni atarudi chumbani kwake. Zikapita wiki, Bibi akafungua mlango kuangalia. Hakufika hata katikati ya chumba. Walimrukia miguuni kama mvua inayonyesha kwenda juu. "Funga! Funga!" akapiga kelele, kanga imeinuliwa, akitimua mbio ambazo sikujua anazo. Hapo ndipo nilipoona kwamba kwa mwendo huu Nyamizi atamaliza shule akiwa upande wangu wa ukutani.

Wivu, mwanangu, unaweza kumsemesha hata bubu. Jumatatu nilimsubiri mwalimu wa baiolojia mpaka wenzangu watoke, ila wavulana wawili walibaki wakifuta ubao. Nikamnong'oneza.

"Viroboto?" Mwalimu akarudia kwa sauti ya kanisani. "Kwenu kuna viroboto?"

Wale wavulana wakaanza kukunana migongo. Nilitamani nizame pale pale. Lakini mwalimu aliwatoa nje, akakaa, akanieleza vizuri. Wale wanaoruka, alisema, ni wachache tu katika ukoo. Mayai hudondoka kutoka kwenye manyoya ya mnyama kama punje za chumvi, yakaanguka vumbini. Humo hutoka vijifunza vidogo vinavyokula uchafu wa sakafuni, kisha kila kimoja hujifuma kifuko, kikageuka kiroboto na kulala ndani yake. Dawa haimfikii kirahisi, na njaa haimsumbui upesi. Anasubiri kishindo cha mguu na joto la mwili.

"Mkifunga chumba mnawalaza," alisema. "Mkiingia mnawaamsha. Kuna mnyama aliwahi kulala humo?"

Nikakumbuka. Likizoni, Nyamizi akiwa Nzega, paka wetu alizalia humo juu ya magunia. Paka wetu, mwanangu, si ng'ombe wa mtu.

Nikaingia kazini. Nilitoa magunia nikayachoma. Mashuka na chandarua nikavichemsha, godoro nikalianika juani na kulipiga fimbo mpaka mkono ukafa ganzi. Nilifagia kila asubuhi na jioni, pembeni na chini ya kitanda hasa, na vumbi sikulimwaga uani kama tulivyozoea, nililitia motoni. Paka nilimchana kwa chanuo la meno membamba, kila kiroboto anayenaswa namzamisha kwenye maji ya sabuni. Bibi alitaka kumpaka dawa ya mbwa wa jirani. Muuza dawa za mifugo akatukataza, akisema dawa nyingine za mbwa humuua paka. Jioni niliweka kibatari katikati ya beseni la maji ya sabuni, mlango nikaufunga, na asubuhi nikawakuta wameelea.

Nyamizi alimshika paka miguu, mikono yake imejaa mikwaruzo ya makucha. "Da Kabula," akasema, "kumbe unanipenda hivi?"

Nikamwambia amshike vizuri.

Mwisho nikabaki na nyufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, na sakafu yetu ya udongo ilikuwa na nyufa za kumficha mjusi. Nilikuwa nimepiga magoti nikizikandika kwa udongo na samadi, Bibi akaja akachuchumaa karibu yangu.

"Kabula. Unasafisha chumba au unahamisha mtu?"

Nikaendelea kukandika.

"Alipozaliwa mdogo wangu," akasema, "nilijificha kwenye ghala la mtama ili mama anitafute. Akanitafuta kweli. Aliponipata hakunichapa, alinifunga yule mtoto mgongoni, akaniambia, haya, tembea naye. Jina la mama yangu sikuwa na wa kumwita tena tangu tumzike. Huyu amekuja nalo. Nikimwita, najiita na mimi mtoto kidogo. Wewe umepungukiwa nini?"

"Ukoko," nikasema. Ndilo pekee lililotoka.

Bibi akacheka, kisha akakaza uso. "Mwalimu wako amesema waliolala wataendelea kuamka?"

"Ndiyo, wiki kadhaa."

"Basi chumba kinataka miguu na ufagio kila siku. Mtalala humo wote wawili. Wewe ndiye unayewajua. Na mimi, mjukuu wangu, nimelala na watoto maisha yangu yote. Nataka kujinyoosha."

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi yote ile nikajihamisha mwenyewe.

Mwanangu, shika haya. Ukiumwa na kiroboto usimtazame mgeni, tazama sakafu yako na mnyama wako. Usiwafungie mlango ukadhani wamekufa. Fagia leo, fagia na kesho hata usipoona kitu, maana aliyelala hajaondoka. Na ukimwonea mtu wivu, usingoje uishe ndipo umtendee wema. Anza kufagia nao hivyo hivyo, Mungu hapokei kazi ya moyo safi peke yake. Akujalie nyumba isiyokuwasha, na ndugu wa kukushikia paka.

Usiku ule nililala upande wa mlangoni, Nyamizi ukutani. Asubuhi nilifagia, nikachoma vumbi, nikaenda kumwamkia Bibi. Nilisukuma mlango taratibu. Alikuwa amelala kimshazari, mguu huku, mkono kule, kitanda kizima chake, anakoroma. Shikamoo yangu nikaimeza, nikarudisha mlango, nikaenda kumwamsha Nyamizi tukachote maji.