Ngombe ya Majani ya Mpunga

Jana mama alifungua mukebe wa nyama, na ile harufu ya chumvi na chuma ikanifukuza inje. Bantu banasema ni nyama laini. Minye hapana. Nikiisikia tu, ninaona tena sahani ya tate, imejaa, na inzi juu yake.

Tate ni mama mwenye kuzaa mama. Alizaliwa kule milimani, upande wa Mulenge, akakuya kuolewa huku Uvira. Huku tulikula ndagala, samaki kadogo ya ziwa, mpaka tukachoka, lakini siku ya soko tate alitaka nyama ya ngombe, na ya muntu mumoja tu: mzee Ruhoya, muchungaji wa Mulenge. Ruhoya alikuwa anashuka polepole, anaacha ngombe ipumzike kwanza kwenye majani pembeni ya muto, sababu ngombe yenye kuchoka na kuogopa, alisema, nyama yake inakuwa nguvu kama kiatu. Na kwake haukununua bila kuuliza. Tate alikuwa anagusa mafuta na kidole, yale mafuta ya manjano ya ngombe yenye kula majani mabichi, halafu anauliza: hii ilikula wapi? Ruhoya anataja kilima, anataja muto, anataja hata jina ya ngombe na ya mama yake. Siku Ruhoya alitaja kilima cha kwao tate, kwenye mudogo wa tate mwanaume alibakia na ngombe zake, tate alirudi nyumbani anaimba. Minye nilivuta nguo yake tu, twende, jua iko inaunguza. Nyama ni nyama, nilifikiri. Lakini supu yake, na chumvi tu ndani, ilinukia mpaka kwa jirani.

Nyuma ya uhuru, vita ikaingia. Barebele, benye kuasi serikali, huku, basoda kule, njia ya milima ikafungwa. Ku soko kukabakia mikebe. Tate akagonjwa, akakataa kula. Mama akamufungulia mukebe. Tate akaangalia, akauliza ilikula wapi.

"Mama, mukebe haijui kusema," mama akamujibu, akacheka.

Tate hakucheka. Akakonda mpaka pete ikamuanguka. Tuliona wazi: asipokula, atakufa. Mama aliuliza kila muntu mwenye kupita kama hakuna nyama ya mulima.

Asubui moja Ruhoya akatokea ku mulango, miguu imevimba, na kipande cha nyama ndani ya jani ya mugomba. Mama akalia na furaha, akapika supu mbio. Tate akakaa yeye mwenyewe, akashika bakuli na mikono mbili, akauliza kama siku zote.

Ruhoya akaangalia chini. "Ilikula majani ya mpunga, mama. Huku chini, Bwegera."

"Haikutoka kwetu?" tate akauliza.

"Ya Bwegera tu."

Tate akaweka bakuli chini, akageukia ukuta. Hakukunywa hata kidogo.

Mama alikasirika sana. "Weye mzee, mugonjwa iko anakungojea, unamuletea ngombe ya majani makavu ya mpunga? Si ungedanganya basi?"

"Ni kweli, mama," Ruhoya akasema. "Nyama yangu ya leo ni mbaya." Akachukua fimbo yake, akaenda.

Minye nilikula ile nyama. Mafuta yake ilikuwa nyeupe, haina harufu. Nilimuchukia ule mzee kabisa.

Tate alikufa mbele ya mvua kuanza kunyesha. Kwenye kilio ndipo bantu ba milimani, benye kukimbilia huku, balituambia: kilima chote kiliungua, mudogo wa tate aliuawa pamoja na ngombe zake, na mwenye kumuzika ni Ruhoya.

Ilinichukua miaka kuelewa. Ngombe ya kwenu, yenye kukula majani unayojua, inakuya na habari za bantu benye kuichunga. Tate alikuwa anauliza habari ya mudogo wake, na ndani ya ile "ya Bwegera tu" alisikia jibu. Kwetu, mugonjwa mwenye chakula mukononi haumupi habari ya kifo. Na Ruhoya hakuweza kudanganya juu ya ngombe. Akakubali tumutukane sababu ya nyama.

Mama alimutafuta ku soko, siku ya soko nyuma ya siku ya soko, amuombe musamaha. Mzee hakushuka tena.