Laini Moja, Vyumba Viwili

Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa mbili na dakika kumi asubuhi, umeme wa chumba namba sita ulinunuliwa kwa simu. Ujumbe wa malipo upo, na namba ya mita iliyomo ni ya chumba hicho.

Chumba hicho kilikuwa cha mpiga pasi, mgeni aliyefika mjini mwaka mmoja kabla akiwa na binti mdogo na begi moja. Wapangaji walimwita Mama Pasi. Alinyoosha nguo za watu juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, na wenyewe walipozifuata jioni walizikuta zimekunjwa kwa pembe kali kama bahasha. Kazi ile haikwenda bila umeme. Umeme ulinunuliwa kwa simu. Na laini ya simu haikusajiliwa bila kitambulisho. Yeye alikuwa na karatasi ya maombi tu, yenye mhuri, iliyokunjwa mara nne. Dada wa kaunta ya simu aliigeuza pande zote mbili, kisha akamrudishia.

"Hii inasema unasubiri, dada yangu. Sisi tunasajili waliomaliza kusubiri."

Aliyemwokoa ni jirani wa chumba namba nne, muuguzi mstaafu, ambaye nyumba nzima ilimwita Nesi. "Nipe hela nikulipie, mwanangu," alisema. "Laini yangu haina mume wa kuniuliza."

Basi ikawa hivyo. Mama Pasi alitoa fedha taslimu, Nesi akaziweka kwa wakala, akalipa kodi ya vyumba viwili na tokeni za umeme. Ujumbe wa malipo ulibaki katika simu isiyo ya Mama Pasi, kwa hiyo aliuomba kila mara, akaunakili kwa mkono kwenye daftari la shule: tarehe, saa, kiasi, namba ya muamala.

"Unaandika hadi nukta," Nesi alimtania.

"Mali bila daftari hupotea bila habari, mama."

"Na mali yenyewe iko wapi? Hapa naona daftari tu."

Msimamizi wa zamani wa nyumba aliujua utaratibu huo. Januari alistaafu, akaja mwingine, mtu wa makamo mwenye kalamu mbili mfukoni, aliyeamini kilichoandikwa na kutilia shaka kilichosemwa. Kila mwezi aliona malipo mawili sawasawa kutoka jina moja. Akahitimisha kwamba mstaafu yule ana pensheni nono na hupenda kulipa kabla ya wakati. Yote akayaingiza chumba namba nne.

Mwisho wa Machi Nesi alihamia kwa binti yake, safari ya nusu siku kwa basi. Jumatatu iliyofuata msimamizi akabisha hodi namba sita.

"Shemeji, miezi mitatu hujalipa. Jumamosi nataka ufunguo."

Mama Pasi aliweka pasi pembeni, akaleta daftari. Msimamizi alilisoma kwa utulivu, ukurasa baada ya ukurasa.

"Mwandiko mzuri. Lakini umeandika mwenyewe. Hata mimi naweza kujiandikia kwamba nina ghorofa."

"Muulize Nesi."

"Nesi ana ziada ya miezi mitatu kwangu. Nimeshaanza kuandaa fomu ya kumrudishia."

Mama Pasi alichomoa waya wa pasi ukutani. Chumba kikienda, meza inakwenda, na wateja hawamfuati mpiga pasi asiye na pa kuchomeka waya. Muuza mkaa wa pembeni alimwazima simu ampigie Nesi, pamoja na ushauri ambao hakuombwa: "Usimtajie hela. Mwenye laini ndiye mwenye hela. Ukimwonyesha mlango, atapita."

Alimtajia yote.

"Miezi mitatu?" Nesi aliuliza. Kabla Mama Pasi hajajibu, salio likaisha.

Siku nne alinyoosha nguo bila kupokea mpya, asije akafukuzwa na shati la mtu. Hakumlaumu Nesi, hata kama angeichukua ile ziada: pensheni ile aliijua kuliko msimamizi, maana alikuwa akimwona akikata kidonge kimoja cha presha mara mbili.

Ijumaa adhuhuri Nesi aliingia uani, simu imefungwa kwenye leso kama yai.

"Mmekaa tu? Leteni kiti, mgongo wangu umekuja kwa basi jingine."

Wakaketi watatu. Nesi alisoma ujumbe mmoja mmoja, Mama Pasi akifuata kwa kidole katika daftari, msimamizi akiwa katikati, kalamu mkononi. Namba za miamala zilikubaliana tarakimu kwa tarakimu. Walipofika kwenye za Machi, msimamizi alikuwa ameshakata mstari kwenye kitabu chake na kuhamisha kodi tatu kwenda namba sita.

"Nimekosa, shemeji," alisema. "Kuanzia sasa niletee taslimu, nikupe stakabadhi. Tokeni nitakununulia kwa laini yangu. Na hilo daftari uje nalo."

Nesi alikuwa bado akisoma. "Tarehe kumi na nne Machi, tokeni, mita ya namba sita."

Kidole cha Mama Pasi kilisimama. Katika daftari, kati ya tarehe tisa na tarehe kumi na tisa, hapakuwa na neno. Hizo zilikuwa siku za homa, alipolala bila kujua mchana wala usiku, na taa haikuzimika.

"Hii sikukupa fedha, mama."

"Labda ulinipa. Homa ile ilikusahaulisha hata jina la mwanao."

"Nani alilipa?"

"Mimi ni mzee, nakumbuka vipi? Endelea, basi langu ni saa tisa."

Mama Pasi aliuandika muamala ule mahali pake, kwa saa na namba kamili. Baadaye alimuuliza binti yake na muuza mkaa. Hakuna aliyemwona akitoa fedha, wala aliyeweza kuapa kwamba hakutoa. Fedha taslimu haiachi ujumbe. Nesi hajabadilisha maneno yake. Nani aliyelipia umeme wa tarehe 14 Machi, hadi leo haijulikani.