Dirisha la Tatu

Karani wa dirisha la tatu, hapa ofisini kwetu Galway, Ayalandi, ana sauti ya chini na vidole visivyotulia. Kila asubuhi hukipangusa kwa kiganja kibao cha kukaribisha watu kilicho juu ya kioo chake, maandishi ya Kiayalandi juu, ya Kiingereza chini. Watu hukitazama, kisha humsemesha Kiingereza. Yeye huwaamkia kwa Kiayalandi vivyo hivyo. Wakimkodolea macho, hubadili lugha bila kununa.

Juzi alikuja mama yake mzazi kutoka kijijini Rosmuc, kuulizia pensheni. Kwao Kiingereza husemwa na daktari wa mifugo tu. Karani aliinuka, uso umechanua, akamwamkia kwa lugha yao. Mama akageuka kutazama foleni, akajibu kwa Kiingereza cha kubabaika.

“Mama, ni mimi,” karani akasema, bado kwa Kiayalandi. “Hapa inaruhusiwa. Si unaona kibao?”

Mama akainamia kioo, akamnong’oneza kwa lugha ya nyumbani. “Nimekiona. Hicho ni cha ukutani tu, mwanangu. Usinitie aibu mbele za watu.”

Karani akakaa. Akamwuliza mama yake, kwa Kiingereza, anaitwa nani.

“Sarah,” akajibu mama, ambaye Rosmuc nzima inamjua kwa jina lake la Kiayalandi, Sorcha.

Karani akaandika Sarah.