Ushahidi wa mkuu wangu wa shule

Leo mkuu wangu wa shule amesimama mahakamani akasema sina sifa za kufundisha.

Na pale mlangoni nilikuwa nimempa shikamoo yake, akaitikia vizuri tu.

Hoja ya serikali, niliyoishtaki kwa kuninyima ajira, ni kwamba shahada yangu ni ya hisabati, siyo ya ualimu. Kwa hiyo sistahili ajira ya serikali.

Wakili wangu akamuuliza, "Pale shuleni kwako, hisabati ya kidato cha nne anafundisha nani?"

Jasho linanitoka mimi, siyo yeye.

"Ni huyu," akajibu bila kuniangalia. "Anajitolea."

Kesi imeahirishwa. Tumetoka nje, mkuu akanikimbilia.

"Mwalimu, kesho uwahi. Kipindi cha kwanza ni chako."

Nimesharudi Bugarama, shule yetu ilipo, chaki bado ziko kwenye mkoba.

Nyie mngeenda?